Kadi za besiboli za kughushi

Kadi za besiboli za kughushi ni kadi za kale za Marekani zilizochapwa upya au kuchezewa ili zipate bei. Nakala bandia hutambulika kwa urahisi: chini ya lenzi ya kukuzia, jina la mchezaji huonekana limeundwa kwa vitone badala ya wino mzito, na karatasi ya kisasa aghalabu hung'aa samawati chini ya mwanga wa urujuanimno.

Kadi halisi iliyochezewa ndiyo ngumu kutambua. Mjanja hupunguza kingo zilizochakaa kwa wembe, pembe zikabaki kali. Mkusanyaji hupima vipimo, kisha hutazama ukingo wenyewe: uliokatwa juzi huwa mweupe na laini mno, wakati uso umekwisha kuwa na rangi ya chai.

Mfano mashuhuri ni kadi ya mchezaji Honus Wagner ya mfululizo wa T206 (1909–1911), iliyowahi kumilikiwa na mchezaji wa hoki Wayne Gretzky. Wataalamu waliipa alama 8 kati ya 10. Mwaka 2013 mfanyabiashara Bill Mastro alikiri kuwa aliipunguza kingo. Kipimo cha kadi, basi, hakikwepeki hata pale cheti cha wataalamu kipo.