Waliotazama ndege wa Rukwa kabla yetu

Mvua za kwanza zinaposhuka Tunduma mwezi Novemba, mbayuwayu wa Ulaya huwa wameshafika. Kwao ni ndege wa kiangazi, maana huko huonekana majira ya joto tu. Kwetu Songwe ni ndege wa masika, na mkulima wa Mbozi huwaona wakirandaranda juu ya mahindi machanga.

Kwa karne nyingi Wazungu hawakujua ndege hao huenda wapi baridi ikianza. Mwaka 1822, karibu na Klütz nchini Ujerumani, alipigwa risasi korongo mweupe mwenye mshale wa Kiafrika umepita shingoni. Mpaka leo amehifadhiwa Chuo Kikuu cha Rostock. Kisha Mei 1911, John Masefield akamvisha mbayuwayu pete mguuni huko Staffordshire, Uingereza. Desemba 1912 ndege yuleyule akakamatwa Natal, Afrika Kusini. Ubishi ukaisha.

Huku kwetu wageni walianza kukusanya ndege kabla ya utawala wa Wajerumani. Msafara wa Richard Böhm, Paul Reichard na Emil Kaiser ulipita magharibi mwa Tanzania ya leo miaka ya 1880, na Kaiser akafia kando ya Ziwa Rukwa mwaka 1882. Mnana mmoja wa bonde la Rukwa, wa rangi ya manjano, anabeba jina la Reichard katika vitabu vya sayansi. Waliobeba mizigo na kuonyesha njia hawana ndege hata mmoja aliyeitwa kwa majina yao, na hilo linaniuma.

Ila sura iliyo nzito kuliko zote ililetwa na njaa. Kati ya 1930 na 1944 nzige wekundu walifurika kusini na mashariki mwa Afrika wakila mazao, na wataalamu wakagundua kwamba mbuga za Rukwa, zinazofurika maji na kukauka, ni mojawapo ya maeneo machache ambako makundi hayo huzaliwa. Mwaka 1949 likaundwa shirika la kimataifa la kudhibiti nzige wekundu, makao yake Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, ng'ambo ya mpaka wetu na Zambia. Mmoja wa watafiti wake, Desmond Vesey-FitzGerald, alitazama kwa makini nani anakula nzige. Mwaka 1955 alichapisha makala juu ya ndege walao nzige wekundu. Ndege peke yao hawawezi kuwamaliza nzige wakishakuwa wingu, lakini korongo anayeokota tunutu majanini anamfanyia mkulima kazi bila ujira. Kazi ya Abercorn haikuwa burudani ya wenye nafasi. Ilikuwa ulinzi wa chakula, na kwangu huo ndio urithi mkubwa wa historia hii.

Baadaye Neil na Liz Baker walikusanya kumbukumbu za ndege wa nchi nzima kwa ajili ya atlasi ya ndege wa Tanzania, na kitabu cha maeneo muhimu kwa ndege nchini, cha mwaka 2002, kikaitaja Rukwa.

Leo kamera imo mfukoni mwa kijana wa Tunduma. Chozi anayenyonya maua uani, keremkerem juu ya waya wa umeme, yangeyange nyuma ya ng'ombe: wote hao wanapigika picha kwa simu asubuhi, jua likiwa bado la upole, bila kusogelea viota. Picha isiyo na tarehe wala mahali haimsaidii mtafiti, hivyo andika vyote viwili, na jina la ndege kwa Kinyamwanga, Kinyiha au Kindali. Walimu wa Vwawa, Ileje na Momba, wapeni wanafunzi daftari moja la ndege kwa kila darasa, mkianza na mbayuwayu wa kwanza wa masika yajayo.