Kizazi hakidondoki kwa kukimbia: hofu hii ilitoka wapi? (Sehemu ya 4)

Haya wamama, tuendelee. Leo nalijibu swali ambalo kliniki halikosekani: "Nesi, mama mkwe kaniambia nikikimbia kizazi kitashuka. Ni kweli?"

Jibu fupi ni hapana. Jibu refu lina historia ndani yake, na historia yenyewe inachekesha halafu inakera.

Mwaka 1873 daktari mmoja wa Boston, Marekani, Edward Clarke, aliyewahi kufundisha udaktari Harvard, alitoa kitabu akidai kwamba msichana akisoma sana, nguvu za kujenga kizazi chake zinahamia kwenye ubongo. Ndiyo, kusoma! Mwili wa mwanamke ulionekana kama ndoo ya maji: ukichota upande huu, upande ule unapungukiwa. Sasa kama vitabu tu vinaharibu kizazi, mbio si ndiyo balaa kabisa?

Kwa hiyo Olimpiki ya kwanza ya zama hizi, Athens 1896, haikuwa na mwanamke hata mmoja. Ila kuna mama mmoja maskini wa Kigiriki, Stamata Revithi, mwenye mtoto wa miezi 17, aliyekataliwa kushiriki marathoni. Siku iliyofuata akaikimbia njia ileile peke yake, akamaliza kwa takriban saa tano na nusu. Mtoto wa miezi 17, jamani. Wengi wenu mnajua maana yake.

Kisa kilichotuumiza zaidi ni cha Amsterdam, 1928. Wanawake waliruhusiwa kukimbia mita 800 kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza. Lina Radke wa Ujerumani akashinda kwa dakika 2 na sekunde 16.8, rekodi ya dunia. Wa pili akawa Kinue Hitomi wa Japani. Waliingia fainali tisa, wakamaliza wote tisa. Wachache walijilaza chini kuvuta pumzi, kama anavyofanya mwanamume yeyote aliyetoka kukimbia mbio hizo.

Magazeti yakaandika nini? Kwamba wanawake walianguka ovyo uwanjani, wengine hawakumaliza. Kuna lililotaja wakimbiaji 11, wakati walikuwa tisa! Wakubwa wa michezo wakapata walichokuwa wanakitafuta, mita 800 za wanawake zikafutwa hadi Roma, 1960. Miaka 32 wanawake wanazuiwa kwa habari ambayo ungeweza kuikanusha kwa kuhesabu watu mpaka tisa.

Na hofu haikuishia hapo. Mwaka 1966 Bobbi Gibb aliomba kushiriki Boston Marathon akajibiwa kwa barua kwamba mwili wa mwanamke hauwezi umbali ule. Akajificha vichakani karibu na pa kuanzia, akaingia katikati ya wanaume, akamaliza kwa saa 3 na dakika 21. Mwaka uliofuata Kathrine Switzer aliandikishwa kwa herufi za mwanzo za majina yake, na msimamizi mmoja akamkimbilia barabarani amnyang'anye namba. Alimaliza. Boston iliwafungulia wanawake rasmi 1972, na marathoni ya Olimpiki ya wanawake ikaja 1984 tu. Wengi wenu mama zenu walikuwa wameshazaliwa.

Leo jirani yetu wa Kenya, Faith Kipyegon, alijifungua binti 2018, akarudi akachukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 Tokyo, kisha Paris, na rekodi ya dunia akaivunja akiwa tayari ni mama.

Sasa tuje kwa mama mkwe, maana simdharau. Kizazi kushuka ni kitu cha kweli, nakiona. Kizazi kimeshikwa na kano, na chini yake kuna misuli ya nyonga inayokibeba. Vinavyolegeza misuli hiyo hasa ni ujauzito na uzazi wenyewe, halafu umri, kikohozi cha muda mrefu, kujikamua chooni kila siku kwa kukosa choo, na kunyanyua vitu vizito. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20. Mama mwenye wiki tatu tangu ajifungue anaibeba kichwani na hakuna anayemwambia kizazi kitashuka, akivaa raba tu anaitiwa kikao!

Hivyo anayehitaji subira ni aliyejifungua karibuni. Anza na kutembea, na mazoezi ya kukaza misuli ya chini, kama unazuia mkojo na upepo kwa pamoja, kaza, legeza. Mbio subiri angalau miezi mitatu, na kama ulifanyiwa operesheni au ulichanika sana, upimwe kwanza. Ukikimbia ukahisi uzito ukeni kama kuna kitu kinashuka, mkojo ukavuja, au damu ikarudi, simama, njoo kituoni. Usione aibu, mkojo kuvuja una mazoezi yake na unatibika.

Unayenyonyesha, maziwa hayachachi kwa kukimbia. Kunywa maji, kula ushibe. Anayekimbia sana huku anakula kidogo anaweza kukosa hedhi, hilo ni kweli, na dawa yake ya kwanza iko jikoni.

Sehemu ya 5 nitaandika kuhusu magoti, maana nayo yamesingiziwa mengi.