Nakshi Zilizohama Mlangoni

Kimbiji haikuwa kijiji cha milango ya nakshi. Nyumba za wavuvi na wakulima wa pwani hii ya kusini mwa Dar es Salaam zilijengwa kwa miti, udongo na makuti, na ukuta wa namna hiyo hauhimili fremu nzito ya mbambakofi. Mlango wa nakshi ulikuwa wa nyumba za mawe: Unguja, Lamu, Pangani, Bagamoyo, Kilwa Kivinje, Mikindani. Leo mambo yamegeuka. Tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe mwaka 2016, viwanja vinapimwa na kuuzwa kutoka Kibada hadi Mwasonga na Kimbiji, na miongoni mwa wanaojenga wapo wanaoagiza mlango wa Kizanzibari hata kabla bati halijapigwa. Sanaa hii imefika mahali ambapo biashara ya karne ya 19 haikuifikisha, na safari yake inastahili kusimuliwa kwa kuwa huwa inasimuliwa nusu.

Nusu inayosimuliwa sana ni ile ya Wahindi. Ni ya kweli, lakini safari haianzi nao. Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno Duarte Barbosa alipoieleza Kilwa, alizitaja nyumba zake za mawe na milango ya mbao iliyochongwa kwa ustadi. Mafundi wa Kihindi walipofika kwa wingi, basi, waliwakuta wenzao wanaojua kushika patasi.

Walifika kwa mlango wa biashara. Sultani Sayyid Said alipoifanya Unguja kuwa makao yake katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, wafanyabiashara wa Kachchh, Gujarat na Bombay walifungua maduka na nyuma yao wakaja maseremala. Mwanawe Barghash alipelekwa uhamishoni Bombay mwishoni mwa miaka ya 1850, akauona mji ule kwa macho yake, na alipotawala kati ya 1870 na 1888 alijenga kama mtu aliyeona. Jumba lake la Beit al-Ajaib, la mwaka 1883, liliwekwa milango mikubwa iliyojaa nakshi. Katika miaka hiyo mlango wa pwani ulianza kubadilika sura. Ule wa zamani ulikuwa na kizingiti cha juu kilichonyooka, mara nyingi chenye maandishi ya Kiarabu. Wa mtindo wa Kihindi ukaja na tao juu, maua yaliyofumana, na mbao zilizogawanywa katika miraba yenye misumari ya shaba. Maduka nayo yakapata milango ya mbao nyembamba zinazokunjwa, hivyo mwenye duka aliweza kulifungua lote upande wa barazani kwa mara moja.

Watembeza wageni wa Mji Mkongwe wa Unguja hawachoki kueleza kwamba misumari ile ni ya kuzuia tembo. Huko India malango ya ngome yaliwekwa miiba ya chuma ili tembo wa vita wasiyasukume kwa vichwa. Unguja hakukuwa na tembo wa kuzuiwa. Misumari ikabaki ya kung'arishwa, na kazi yake ikawa kumjulisha mpita njia kwamba humu ndani mna fedha.

Utazame mlango wenyewe kwa karibu. Miimo miwili inashika kizingiti, na mnyororo uliochongwa huizunguka fremu yote. Kati ya mbao mbili unasimama mfaa, ule mti mwembamba uliopigiliwa kwenye ubao mmoja ili kuufunika mwanya. Hapo ndipo fundi anapojionyesha, kwa kuwa mgeni akibisha hodi macho yake yako pale. Fundi huchora ua kwa penseli, hukata mistari, kisha huondoa mbao za pembeni polepole hadi ua lisimame juu ya usawa wake. Jani moja huinama, jingine huchimbwa chini zaidi, na jua la alasiri likipiga kwa ubavu kila jani hutupa kivuli chake.

Dar es Salaam nayo ina ushahidi wake. Boma la Kale, lililojengwa katika miaka ya 1860 wakati Sultani Majid akianzisha mji wake kando ya kijiji cha Mzizima, lina mlango wa nakshi hadi leo. Baada ya hapo saruji na chuma vikapunguza kazi ya wachongaji, na wakati mwingine siasa ikapunguza wateja: sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majengo iligusa zaidi nyumba za Waasia, na familia nyingi zikaondoka nchini.

Kilichoiokoa sanaa hii ni utalii na urejeshaji wa majengo. Zahanati ya Kale ya Unguja, ambayo tajiri Tharia Topan aliianzisha mwaka 1887, ni jengo la roshani za mbao zilizonakshiwa kwa mtindo wa Kihindi. Lilichakaa, kisha likarejeshwa katika miaka ya 1990 chini ya Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, kazi iliyowahitaji watu wanaoweza kuchonga kipande kilichooza kikafanana na jirani yake. Hoteli nazo zikataka milango, kisha vitanda, kisha fremu za vioo, kaunta za mapokezi na meza za sebuleni zenye kioo juu ya nakshi. Mbao za mashua kuukuu zikapata soko hilohilo.

Leo fundi wa Keko, wilayani Temeke, anaweza kuweka ua la Kigujarati kwenye ubao wa kichwani wa kitanda bila kuwahi kuingia Mji Mkongwe. Wapo wanaoliona hilo kuwa udhalilishaji. Mimi silioni hivyo. Mlango ule tangu hapo ulikuwa bidhaa ya kujionyesha, na anayejionyesha chumbani ana haki yake. Kinachoniudhi ni mashine inayoongozwa na kompyuta ikichonga ubao wa MDF: mara nyingi ua lote lina kina kimoja, halina kivuli, na kwa bei yake linamfanya mteja aamini kwamba kazi ya patasi ni ghali bila sababu. Linaloniudhi zaidi ni mlango wa kale uliokatwa ukawa meza.

Kwa huo upo ulinzi, walau kwenye karatasi. Upande wa Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inautaja mlango waziwazi: mlango au fremu ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940, kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki, ni mali inayolindwa, na hautoki nchini bila kibali. Sheria imeilinda mbao. Mkono ulioichonga haikuugusa. Tena imezaa kichekesho sokoni, kwa kuwa mnunuzi anayesafirisha anataka mlango uonekane wa enzi za Barghash, na forodhani anatakiwa aoneshe kwamba ni wa juzi. Fundi anayesugua mninga mpya kwa brashi ya waya ili uonekane umechakaa anafanya vizuri kutunza risiti ya mbao zake.