Hesabu za Bura

Bura ilipigiwa hesabu kabla ya lahajedwali kuzaliwa. Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa mradi ule mwaka 1977. VisiCalc, programu ya kwanza ya lahajedwali kuuzwa kwa ajili ya kompyuta ndogo, ilitoka 1979, kazi ya Dan Bricklin na Bob Frankston huko Marekani. Waliopanga Bura walikuwa na karatasi za miraba, penseli, raba na kikokotoo. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi mradi ukianguka hakosi mtu wa kusema, ah, hiyo ni Excel. Excel ina madhambi yake, sikatai. Oktoba 2020 Uingereza iligundua kuwa karibu visa 16,000 vya Covid havikuwa vimeingia kwenye ripoti zake, kisa na maana faili lilikuwa la muundo wa zamani usiobeba zaidi ya mistari 65,000 hivi. Iliyozidi ilikatwa kimyakimya. Lakini Mto Tana umeshinda hesabu za kila aina, za penseli na za kompyuta, na ukiufuata kutoka Bura hadi Garsen unazipita moja baada ya nyingine.

Rafiki yangu mmoja ni mhandisi wa maji. Tulianza chuo pamoja, mimi nikatoka njiani, yeye akamaliza. Ukimuuliza kazi ikoje hakuambii habari za zege wala chuma, anakuambia habari za faili. Faili alilorithi kwa mtu aliyehama, jina lake linaishia na "final_mwisho_2". Safu zilizofichwa. Tarehe 3/4 ambayo kompyuta imeamua yenyewe ni Machi. Seli moja ya rangi ya manjano yenye 0.025 ndani, na hakuna ofisini anayejua nani aliiweka wala kwa nini ni ya manjano.

Hiyo 0.025 si kitu kidogo, bana. Ni kipimo cha ukwaruzo wa mfereji, yaani kuta na sakafu yake zinayashikilia maji kiasi gani. Mfereji wa udongo uliosafishwa vizuri, 0.025 ni sawa. Uache uote majani, kipimo kinapanda hadi 0.035 au zaidi, na kwa kina kilekile cha maji unapitisha kama asilimia 71 tu ya ulichopanga. Hakuna kilichopasuka wala kubomoka. Mkulima wa mwisho wa mfereji ndiye atakayejua, shamba lake likikauka.

Anasema seli yenye alama ya kosa haimtishi, maana hiyo inapiga kelele. Inayomtisha ni ile ambayo mtu amefuta fomula na kuchapa namba kwa mkono. Kila kitu kuizunguka kitabadilika, yenyewe itakaa palepale, na jumla ya chini itaonekana nzuri tu.

Sasa rudi Bura. Mpango ulikuwa kumwagilia hekta 6,700 na kuwapa makazi zaidi ya familia 5,000, wengi wao watu wasio na ardhi kutoka pembe zote za Kenya, walime pamba na mahindi. Gawanya: ni kama hekta 1.3 kwa familia. Walowezi wa kwanza walifika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ila udongo ulipopimwa vizuri, sehemu kubwa ilionekana haifai, gharama nazo zikapanda, na eneo likapunguzwa hadi kama hekta 2,500. Familia zikawa zaidi kidogo ya 2,000.

Hapa ndipo penye sumu. Mradi wa maji una gharama ambazo hazijali ukubwa wa shamba: barabara, mfereji mkuu, ofisi, nyumba, mitambo. Chukulia gharama hizo ni 100. Zigawanye kwa 67, kila fungu linabeba 1.5 hivi. Zigawanye kwa 25, kila fungu linabeba 4. Punguza shamba na umemwongezea mkulima mzigo, wala hujaongeza shilingi moja kwenye matumizi. Bura ikajulikana kama mmoja wa miradi ya umwagiliaji iliyogharimu zaidi kwa kila familia popote duniani.

Halafu kuna pampu. Mpango wa muda mrefu ulikuwa maji yaingie yenyewe kutoka mtoni kwa mteremko. Kazi hiyo ikaahirishwa, na pale Nanigi zikawekwa pampu za dizeli, ati za muda. Dizeli inanunuliwa, vipuri vinaagizwa, na pamba ikikosa maji wiki zenyewe hairudi. Kufikia mwaka 1990 mashamba yalikuwa hayalimwi. Mradi ulifufuliwa 2005, na pampu "za muda" bado ndizo zilizotegemewa. Mfereji wa mteremko ulianza kuchimbwa miaka ya 2010, zaidi ya miaka 30 baada ya familia zile kushuka kwenye malori.

Kitu kimoja cha enzi zile kilifaulu kupita kiasi. Maelfu ya watu wakipelekwa nyikani watahitaji kuni, kwa hiyo ikaletwa miti ya kupanda, na mmoja wao ni mathenge. Leo mathenge umevamia kaunti nzima hadi upande wa delta, unaziba mifereji na malisho. Sidhani kuna jedwali lililokuwa na mstari wake.

Hola ina hesabu nyeusi zaidi. Skimu ile ilianza kwa jasho la wafungwa wa kizuizini wakati wa Mau Mau. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa kwa kugoma kulazimishwa kazi hiyo ya mifereji. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Maji! Wachunguzi walipofungua miili walikuta majeraha. Skimu iliendelea baada ya uhuru hadi 1989, Tana ilipohama njia yake na kuziacha pampu za Hola ukingoni pa mkondo usio na maji. Mitambo haikuwa na kasoro, mto tu ndio haukuwepo.

Na mto kuhama si habari mpya huku. Hata mlango wake wa sasa pale Kipini umetokana na mfereji wa Belazoni, uliochimbwa kwa mkono karne ya 19 kuunganisha Tana na Ozi. Mto uliupenda mfereji, ukaupanua, ukauhamia.

Kati ya Hola na Garsen ndipo ilipo Ndera, jina la mahali na pia la tawi mojawapo la Wapokomo. Kilimo cha asili hapa kinangoja mafuriko: mto unapanda, unaacha tope, unashuka, watu wanapanda mpunga, ndizi na mahindi kwenye unyevu ule. Nyuma yao Waorma hushusha ng'ombe mtoni kupitia njia ziitwazo malka. Ramani ya mhandisi ikiziba malka kwa mfereji, kwenye jedwali hakuna kilichobadilika. Kwenye ardhi, watu wanaweza kufa.

Karibu na Garsen, TARDA ilijenga mradi wa mpunga wa delta ukiwa na tuta la kuzuia mafuriko. El Niño ya 1997 hadi 1998 ikalibomoa. Tuta la namna hii hujengwa kwa "mafuriko ya miaka 50", maneno yanayodanganya vibaya sana. Mtu husikia: nimesalimika hadi wajukuu. Maana yake ni nafasi ya asilimia 2 kila mwaka, na katika miaka 30 nafasi ya kufikiwa angalau mara moja ni kama asilimia 45. Karibu kurusha shilingi. Tena makadirio hayo yanadhani kesho itafanana na jana, na tangu Masinga ijazwe mwaka 1981 hata jana yenyewe imegeuzwa na mabwawa ya huko juu.

Sasa kuna bwawa jingine linalopangwa, High Grand Falls, kubwa kuliko yote. Mahali fulani mtu ana faili lake wazi. Kupunguza mafuriko kwa kawaida huandikwa upande wa faida, kwa sababu Garissa itaokoka na barabara ya Gamba haitakatika kama ilivyokatika Novemba 2023. Ni kweli. Lakini mafuriko hayohayo ndiyo mbolea na unyevu wa shamba la Ndera. Ningependa kumtazama mhandisi huyo begani anapofika kwenye mstari wa mafuriko, nione kama upande wa hasara ameandika chochote, na kama namba hiyo ina fomula nyuma yake au imechapwa kwa mkono.