Ng'ombe wa Chuma

Mnyama wa chuma wa kale akionekana Mbinga, au Liuli kando ya Ziwa Nyasa, sharti kwanza iulizwe: alimiminwa au alifuliwa? Tanuri za kienyeji, tangu Nyasa hata Karagwe, hazikutoa chuma cha kumiminika, bali bonge la kufuliwa. Basi mwenye mshono wa kalibu yaelekea ametoka viwanda vya ugenini; mwenye alama za nyundo ni kazi ya mhunzi, kama ng'ombe wa chuma wa Bweranyange, makao ya Rumanyika wa Karagwe, aliyemkaribisha Speke mwaka 1861. Kwa hiyo asuguaye kutu kwa mchanga ili mnyama ang'ae hufuta ushahidi wenyewe. Brashi laini, mahali pakavu na mafuta kidogo vyatosha. Mng'aro waweza kurudishwa; alama ya nyundo hairudi.