Vikoleza ladha katika vyakula vya Meru na Embu

Vikoleza ladha ni viambato vinavyotiwa chakulani kwa kiasi kidogo ili kukifanya kitamu zaidi. Mashuhuri kuliko vyote ni monosodiamu glutameti (E621). Asili yake ni utafiti wa mwanakemia Mjapani Kikunae Ikeda, aliyetambua mwaka 1908 kwamba glutameti ndiyo huupa mwani wa kombu ladha yake. Nyanya na maziwa ya mama pia yana glutameti.

Huko Meru na Embu, nchini Kenya, zamani githeri (mahindi na maharagwe) na mukimo (viazi vilivyopondwa pamoja na mboga) vilitiwa chumvi tu. Siku hizi sufuria nyingi, za nyumbani na za hotelini, hutiwa pia kikoleza cha pakiti kiitwacho mchuzi mix.

Hofu kuhusu glutameti ilienea baada ya barua ya daktari Robert Ho Man Kwok kuchapishwa Marekani mwaka 1968. Majaribio ya baadaye hayakuthibitisha madhara ya kudumu. Mwaka 1987 kamati ya wataalamu wa FAO na WHO haikuona haja ya kuweka kikomo. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliweka kikomo cha miligramu 30 kwa kilo ya uzito wa mwili kwa siku, mwaka 2017.

Linalostahili wasiwasi zaidi ni chumvi. WHO inashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku. Monosodiamu glutameti ina sodiamu takriban asilimia 12, chumvi ya mezani 39, lakini mchuzi mix wenyewe kwa kawaida una chumvi nyingi. Anayeutia kwenye githeri iliyokwisha kutiwa chumvi anaongeza sodiamu juu ya sodiamu, na shinikizo la damu huweza kupanda bila dalili.