Maji, Malisho na Moto: Mafunzo ya Tabora na Ziba kwa Familia za Mjini

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake. Ama baad.

Tumekuwa tukiulizwa mara kwa mara: jee, namna tunavyopika, tunavyotumia maji na tunavyotupa taka ni jambo la dini, au ni mambo ya manispaa tu? Tumeonelea tujibu kwa makala ambayo familia inaweza kuirejea, na tumechukua mfano kutoka Tabora, na khasa Ziba, mji mdogo wa wilaya ya Igunga, kaskazini mashariki ya Tabora mjini.

Msingi wa jibu letu ni hadithi iliyopokewa na Abu Daud, ambamo Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kwamba Waislamu ni washirika katika mambo matatu: maji, malisho na moto. Moto hapa baadhi ya wanazuoni wameufasiri kuwa ni pamoja na kuni zinazookotwa msituni. Mshirika ana haki. Na mtu wa mjini, awe Tabora au Unguja, anatumia vitu hivi vitatu pamoja na washirika ambao aghlabu hawaoni.

Kwa nini Tabora?

Tabora si ugenini kwetu. Burton na Speke walipofika Kazeh, kama palivyoitwa wakati huo, mwaka 1857, walikuta wafanyabiashara kutoka Unguja na Omani wameshajenga matembe, wamechimba visima na wamelima mabustani. Baba yake Tippu Tip alikuwa na makaazi yake huko. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikenda Ujiji. Tusifiche: njia hiyo ilibeba pembe na ilibeba binaadamu waliotekwa, na dhulma hiyo ni sehemu ya historia yetu. Lakini miembe iliyofuata njia ile bado inatoa kivuli na matunda mpaka leo, kwa watu ambao hawamjui aliyeipanda.

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, na mji ukakua. Katika sensa ya 2022 manispaa ya Tabora ilikuwa na watu zaidi ya laki 3. Zanzibar nzima tulikuwa 1,889,773.

Kwa insafu, watu wa Tabora wana mengi ya kujifunza kwao. Wengi wanatembea kwa miguu au kwa baiskeli. Nguo na chupa hutumika mara nyingi kabla ya kutupwa. Mzigo mkubwa ambao mji unauweka juu ya ardhi haupo katika anasa. Upo katika vitu vya kila siku, na wa kwanza ni chungu cha wali.

Moto: gunia la makaa linatoka wapi?

Tulipopita njia ya Igunga tuliona kile ambacho kila msafiri wa bara anakiona: magunia ya makaa yamepangwa kando ya barabara, yakisubiri gari za kuelekea mjini. Katika tanuri la udongo la kawaida, kilo 100 za kuni hutoa kilo 10 mpaka 20 tu za makaa. Kwa hivyo gunia la kilo 50 limemeza kuni baina ya kilo 250 na 500. Aliye mjini analipia makaa, usafiri na faida ya mchuuzi. Mti wenyewe, mara nyingi, hakuna anayeulipia.

Misitu ya miombo ya Tabora ina kazi nyengine. Humo ndimo inamotoka asali iliyoujengea mkoa ule jina. Mti uliosimama hulisha nyuki kila mwaka. Mti uliokatwa hutoa makaa mara moja. Juu ya makaa kuna pia tumbaku, ambayo hukaushwa kwa kuni katika mabani, na kilimo hicho kimekula msitu mwingi wa Urambo, Kaliua na Sikonge.

Mwaka 2024 Serikali ya Muungano ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Ni lengo zuri, lakini mtungi wa gesi unataka pesa kwa pamoja, na makaa yanauzwa hata kwa kopo. Masikini ananunua kopo kwa sababu ndicho kilichomo mkononi mwake, na mwisho wa mwezi huenda akawa ametoa pesa nyingi kuliko mwenye mtungi. Hapa ndipo jamaa na majirani wanapotakiwa waingie, kama tutakavyoeleza.

Maji: kutoka ziwani mpaka birika

Kwa miaka mingi Tabora ilitegemea bwawa la Igombe, na katika ukame mji mzima ulikuwa ukilitazama bwawa moja. Katika miaka ya karibuni maji ya Ziwa Victoria yameletwa kwa bomba mpaka Nzega, Igunga na Tabora. Maji hayo yanachukuliwa Ihelele, mkoa wa Mwanza, yanasafishwa, kisha yanasukumwa kwa mitambo ya umeme masafa ya mamia ya kilomita. Anayeacha bomba wazi Tabora mjini anamwaga maji yaliyosafiri safari hiyo yote.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) akitawadha kwa mudd moja, na akioga kwa pishi moja, yaani mudd nne, mpaka mudd tano. Mudd ni kiasi cha robo tatu ya lita au pungufu. Bomba likiachwa wazi kwa dakika moja hupitisha mudd nyingi. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kuzidisha kuosha zaidi ya mara tatu katika udhu ni makruhu. Na ikiwa maji ni ya wakf kwa ajili ya watu kutawadhia, basi kuzidisha ni haramu, kwa sababu aliyeyatoa hakuyatoa kwa ajili hiyo. Hii inahusu moja kwa moja mabomba ya misikiti yetu.

Mkoa wa Tabora una msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba mpaka Aprili, kisha kiangazi kirefu. Sisi visiwani tuna masika na vuli, lakini hesabu ya paa ni ile ile: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la bati la mita za mraba 50, mvua ikinyesha milimita 20, linapokea lita 1,000. Msikiti au madrasa yenye paa kubwa inaweza kujaza tangi lake kwa mvua chache, ikiwa ina mfereji na mtu wa kuusafisha.

Malisho: ngitili na hima

Wasukuma na Wanyamwezi wana desturi inayoitwa ngitili. Familia au kijiji hufunga eneo la malisho mvua zinapoanza, majani na miti ikue, kisha hulifungua wakati wa kiangazi mifugo inapokosa chakula. Desturi hii ilikuwa imedhoofika sana. Mradi wa HASHI, uliofanya kazi mkoani Shinyanga kuanzia 1986 mpaka 2004, uliifufua, na maeneo yaliyofungwa yakafika zaidi ya hekta 300,000. Hawakuleta kitu kigeni. Walirudi kwa wazee na kuwauliza mipaka ya zamani.

Muislamu akisikia habari ya ngitili atakumbuka hima. Mtume (S.A.W.) aliiweka Naqii kuwa hima, na Sayyidna Umar (R.A.) akaendelea na njia hiyo. Imo katika Bukhari kwamba Umar alimuagiza msimamizi wa hima yake awaruhusu wenye ngamia na kondoo wachache waingie, na awazuie matajiri, kwa sababu tajiri mifugo yake ikifa ana mashamba ya kurejea, na mnyonge hana. Kutunza ardhi katika Uislamu kunakwenda pamoja na kumlinda mnyonge. Mpango wowote unaofunga msitu kisha ukamwacha mchoma makaa wa Ziba bila ya njia ya kula, haujatimia.

Taka

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na kwetu Zanzibar marufuku ilitangulia. Hata hivyo vifungashio vidogo vidogo bado vimo katika kila mtaro. Zaidi ya nusu ya kinachotoka jikoni ni maganda na mabaki ya chakula, ambayo yakitengwa yanakuwa mbolea au chakula cha kuku. Yakichanganywa na plastiki hayafai kwa lolote, na jaa linakua. Kuchoma plastiki uani kunamdhuru jirani, na haki ya jirani inajulikana.

Hukumu kwa ufupi

*Haramu*: kukata miti katika hifadhi bila ya ruhusa, na kununua makaa huku ukijua yametoka huko, kwani katika Suratul-Maida aya ya 2 tumekatazwa kusaidiana katika dhambi. Vilevile kutupa uchafu katika njia ya maji, njia ya watu au kivuli chao, na kuyafanyia israfu maji ya wakf.

*Makruhu au zaidi, kwa kadiri ya madhara*: israfu ya maji, chakula na moto majumbani. Rejea Suratul-A'raf aya ya 31.

*Inaruhusiwa*: kupikia makaa yaliyopatikana kwa halali. Hatusemi kwamba mama anayepikia seredani anafanya dhambi. Tunasema anayeweza kupunguza, apunguze.

*Sunna yenye thawabu kubwa*: kupanda mti. Kila kinacholiwa na mtu, ndege au mnyama kutoka mti huo ni sadaka kwa aliyeupanda, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim.

Tunachoweza kufanya

Nyumbani: hesabuni makaa ya mwezi mmoja na muandike pesa iliyotoka. Maharage na choroko zilowekwe usiku, chungu kifunikwe, na seredani ya zamani ibadilishwe kwa jiko banifu. Mwenye uwezo ahamie gesi au umeme, hata kwa chungu kimoja kwa kuanzia.

Msikitini: rekebisheni mabomba yanayovuja kabla ya kununua zulia jipya. Wekeni tangi la mvua. Maji ya udhu yaelekezwe kwenye miti badala ya mtaroni.

Katika jamaa: vikundi vyetu vya kuchangiana vimnunulie mwanachama mmoja kila mwezi mtungi na jiko, mpaka wote wapate. Mwenye kutaka sadaka inayoendelea, jiko kwa mjane na mti kwa madrasa ni katika milango yake.

Sehemu ya makaa yanayopikiwa Unguja nayo inavuka bahari kutoka bara. Kwa hivyo kila seredani ikiwashwa hapa, kuna msitu huko unaopungua na kuna mshirika wetu anayeishi kandokando yake. Atatudai haki yake hapa duniani au mbele ya Mola wake. Ni bora tumlipe tukiwa na nafasi.

Tunamuomba Allah atujaalie tuwe waangalizi wema wa amana yake, na asitufanye sababu ya dhiki kwa waja wake. Wallahu a'lam.